Telefoni kubwa inayopima nyumba: tuinunue ao tuiache?

Leo hatuleti habari ya mishahara wala ya kontra. Tunaleta habari ya telefoni. Musicheke. Hii telefoni karibu imalize feza za sanduku la sendika yetu, na namna tulivyopona inaweza kusaidia familia zaidi ya moja.

Ilikuwa siku ya posho, mwisho wa mwaka 2017, mvua imekwisha kuanza. Tulikuwa ndani ya ofisi yetu, ni kusema chumba kimoja cha bati nyuma ya nyumba ya delege mmoja, tunahesabu kotizasyo za mwezi. Ndugu yetu mmoja anayefanya biashara ya kwenda Dubai na kurudi akaingia. Akatoa mfukoni kitu ambacho kwanza tuliona ni kibao cha kukatia mboga. Kumbe ni telefoni. Akasimama mbele ya meza, akagusa juu ya kioo kona moja ya meza, akatembea, akagusa kona ya pili. Mstari ukaonekana ndani ya picha, umelala sawasawa juu ya meza yetu, na katikati yake namba: urefu wa meza. Hakuna mtu aliyegusa meza. Hakuna kamba, hakuna rula.

Mzee mmoja aliyefanya miaka mingi ku mine akapiga mikono: "Kumbe hii njo kitu tulikuwa natafuta!"

Ndugu akasema bei: dolari 280, kwa sababu ilikuwa imekwisha kutumiwa. Macho yetu yote yakaenda kwenye sanduku.

Kwa nini tulikuwa tunatafuta kipimo

Sherti tueleze shida yenyewe. Mtaa wetu uko karibu na shimo kubwa la kampuni moja. Kila mwaka shimo linapanuka na mtaa unapungua. Mwaka ule watu wa kampuni walipita nyumba kwa nyumba na karatasi, wakaandika namba za rangi nyekundu kwenye kuta. Namba ikiwekwa kwenye ukuta wako, ujue: utahama. Na feza utakazopewa zinafuata vipimo walivyoandika: vyumba vingapi, ukuta wa matofali ya kuchoma ao ya udongo, bati ngapi, miti gani ndani ya lupango.

Kila familia ilipewa karatasi moja ya kutia saini. Mama mmoja mjane, mume wake alifanya kazi chini ya ardhi mpaka mapafu yakakataa, alituletea karatasi yake. Nyumba iliandikwa pungufu. Nyumba ya jiko, aliyoijenga mwenyewe nyuma kwa matofali, haikuandikwa kabisa. Alipouliza, kijana wa kampuni alimuonyesha chombo chake na kumwambia: "Mama, mashini haidanganyi."

Neno lile lilituuma. Mtu wa machimbo analijua sana. Ku Kolwezi, mchimbaji wa mkono akifikisha mifuko yake kwa mnunuzi, feza zake hazitoki kwa kilo peke yake. Zinatoka pia kwa tenere, ni kusema kiasi cha kobalti kilichomo ndani ya jiwe. Na tenere inasomwa na chombo kinachofanana na bastola, watu wanakiita metorex. Mnunuzi anakielekeza kwenye mawe, namba inatoka, bei imefungwa. Chombo ni cha nani? Cha mnunuzi. Nani anakisoma? Mnunuzi. Mchimbaji anabaki anaangalia jiwe lake na kuangalia namba, na hana kitu cha kujibu. Bakrezere wengi watakuambia kwamba mawe yaleyale yanaweza kupata namba mbili kwa wanunuzi wawili.

Basi muelewe furaha yetu siku ile. Kwa mara ya kwanza tuliona mashini ya kupima ndani ya mkono wa mtu wetu. Tukawaza: wakija na mashini yao, na sisi tutatoa yetu.

Telefoni yenyewe ni gani

Inaitwa Lenovo Phab 2 Pro. Lenovo ni kampuni ya Wachina. Waliionyesha San Francisco, Marekani, mwezi wa sita 2016, na ikaanza kuuzwa kule mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, dolari 499. Ilikuwa telefoni ya kwanza ya kuuzwa kwa watu wote yenye Tango. Tango si ile ngoma ya Waarjentina. Ni jina ambalo Google waliipa teknolojia yao ya kufanya telefoni ijue mahali iliposimama na umbo la vitu vilivyo mbele yake. Walianza kuionyesha kwa watu mwaka 2014.

Wazungu wanaita jambo hili kwa neno refu. Sisi tunaweza kusema: ukweli wa kuongezewa. Telefoni inakuonyesha chumba chako cha kweli, kama kamera yoyote, kisha inaongeza ndani ya picha kitu ambacho hakipo: kiti, mnyama, mstari wa kupimia. Ukitembea, kile kitu kinabaki pahali pake, kama vile kimewekwa chini kweli. Unaweza kukizunguka na kukiona mgongo.

Inafanyaje? Ina macho nyuma yake. Jicho moja ni kamera ya kawaida. Jicho la pili linaona pana sana, na kazi yake ni kufuata namna telefoni inavyotembea. La tatu linatuma mwanga ambao macho ya mtu hayauoni, mwanga unagonga ukuta na kurudi, na telefoni inahesabu muda wa kwenda na kurudi ili kujua ukuta uko mbali namna gani. Jicho hili la tatu linaona vizuri kuanzia nusu metre mpaka karibu metre 4. Shikeni hii habari ya metre 4 na ya mwanga, tutairudilia.

Na ni kubwa. Kioo chake ni inchi 6.4. Urefu wake karibu sentimetre 18, upana karibu sentimetre 9, uzito gramu 259. Ndani ya mfuko wa salopeti nusu inabaki nje. Ukiiweka kwenye sikio, mtu wa mbali anaweza kufikiri umebeba sahani.

Mazuri yake, bila kificho

Hatutaki kuwa watu wanaokataa kitu juu ya kukataa tu. Tuliomba ndugu atuachie telefoni kwa juma moja, naye akakubali. Ilizunguka kwa delege watano na familia zao. Haya ndiyo mazuri tuliyoyaona.

La kwanza ni kioo. Kwa mtu ambaye macho yamechoka, maandishi makubwa ni dawa. Mama mmoja wa miaka sitini alisoma mwenyewe habari iliyotumwa na mtoto wake wa Ndola, bila kumuita mjukuu. Alisema ni mara ya kwanza siri yake inabaki siri. Mwanafunzi wa sekondari alifungua kitabu cha hesabu na kukisoma bila kuvuta kioo kila dakika. Jioni watu wanne waliangalia mechi pamoja, hakuna aliyesukumana.

La pili ni betri: mAh 4050. Sisi tunaoishi na kukatika kwa umeme tunajua maana yake. Kwa mtu wa kupiga, kutuma habari na kusikiliza redio, ilivumilia mpaka kesho yake jioni. Mke wa delege mmoja aliitumia usiku kama taa ya kumalizia kushona, na asubuhi ilikuwa hai.

La tatu ni nafasi: ndani mna giga 64, na zaidi ukiongeza kadi. Picha za harusi, nyimbo za kanisa, karatasi za sendika zilizopigwa picha, vyote vinaingia.

La nne ni ule ukweli wa kuongezewa wenyewe. Iko programu iliyofanywa na jumba la makumbusho la New York, ya wanyama wakubwa wa zamani sana, dinosori. Unachagua mnyama, unamuweka ndani ya nyumba, anasimama pale na ukubwa wake wa kweli, kichwa kinapita paa. Watoto wa mtaa walijaa mpaka mlangoni. Mmoja wa miaka sita alikataa kuingia chumbani usiku ule, akasema yule mnyama angali humo. Tulicheka, lakini tuliona pia kitu cha maana: mtoto ambaye hajafika kwenye jumba la makumbusho hata moja alijifunza kwa dakika kumi ukubwa wa kitu ambacho kitabu kinaonyesha kwa sentimetre tatu. Mwalimu mwenye chombo kama hiki angefanya mengi.

Mabaya yake

Sasa upande wa pili wa mizani.

Ukiacha kupima na dinosori, programu nyingi za Tango zilikuwa michezo, ao duka. Moja ni ya duka kubwa la Marekani linalouza vitu vya nyumba: unachagua frigo, unaiweka kwa picha ndani ya jiko lako, uone kama inaenea. Mke wa delege akaiweka frigo kwenye kona ya jiko, akaiangalia sana, kisha akauliza: "Na kura ya kuitembeza, nayo tutaiongeza kwa picha?" Hatukuwa na jibu.

Kila programu inataka mega. Zingine ni nzito. Kwa juma moja tulikula mega ambazo kwa kawaida zinatutosha kwa mwezi.

Inachemka. Ukipima dakika kumi na tano ama ishirini mfululizo, mgongo wake unakuwa moto mkononi, na ile betri tuliyoisifu inashuka mbio. Ni kusema betri ni nzuri mpaka pale unapotumia kitu ulichoinunulia.

Inaonekana. Telefoni ndogo unaificha. Hii, mtu akikuona nayo kwenye kituo cha taksi, amekwisha kujua una nini. Na ikianguka, kioo cha ukubwa ule utakitafuta wapi? Fundi wetu wa sokoni, aliyerekebisha telefoni zaidi ya mia, aliigeuza mara mbili na kuirudisha: "Hii, vyuma vyake sina. Ikikufa, imekufa."

Na mahali pa kazi? Kwenye machimbo yenye baruti za kuwashwa kwa umeme, telefoni yoyote ni hatari, sheria ya usalama inaikataza karibu na mahali pa kulipua, na hiyo sheria tunaitetea sisi wenyewe. Lakini hata pale inaporuhusiwa, hii telefoni haikufanywa kwa watu kama sisi. Jua likiwa kali, mwanga wa jua unameza ule mwanga wa jicho la tatu. Gizani, lile jicho la kufuata mwendo halioni kitu na telefoni inapotea. Jiwe jeusi la kobalti linameza mwanga badala ya kuurudisha. Na zaidi ya metre 4, haioni vizuri. Ni kusema: ku karyeri, jua, ndani ya shimo, giza. Pahali inapofurahi ni salo yenye taa nzuri na ukuta mweupe.

Siku ya jaribio kwa mama mjane

Siku ya mwisho ya lile juma tulienda kwa yule mama. Tulikuwa sita. Tulibeba telefoni, na mzee wetu mmoja, aliyekuwa fundi wa kujenga kabla ya kuingia machimboni, alibeba metre yake ya chuma ya siku zote, ile inayojivuta na kurudi. Tukakubaliana: kila ukuta tutaupima kwa vyote viwili, telefoni mara tatu, metre mara tatu.

Salo, kwa metre: metre 4 na sentimetre 12. Mara ya pili, 4 na 12. Mara ya tatu, 4 na 12. Telefoni: 4 na 9, kisha 4 na 17, kisha 4 na 6. Si mbaya kwa kitu ambacho hakikugusa ukuta. Mtu anayetaka kujua kama kitanda kitaenea, inamtosha. Lakini sisi tulikuwa tunatafuta namba ya kuweka mezani mbele ya avoka wa kampuni. Avoka atauliza swali moja tu: kati ya hizi tatu, nyumba yenu ni ipi?

Nje, saa sita ya mchana, tulijaribu kupima lupango. Mstari uliruka kama panzi. Kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye ukuta tulipata namba nne tofauti, na moja kati yao iliutoa mwembe nje ya lupango kabisa.

Kisha tukaingia ndani ya nyumba ya jiko. Ndiyo ile iliyokosekana kwenye karatasi ya kampuni, ndiyo iliyotuleta. Ni chumba kidogo, dirisha moja, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa makala wa miaka kumi na mbili. Telefoni ikaelekezwa. Ikatafuta. Ikatuomba twende pahali penye mwanga. Tukafungua mlango wote, tukajaribu tena. Haikushika ukuta hata mmoja.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na mikono kiunoni. Akasema pole pole: "Na hii yenu haiione jiko yangu?"

Tulinyamaza. Mzee akatoa metre yake, akamuomba mama ashike ncha, akavuta. Metre 2 na sentimetre 85 kwa metre 2 na sentimetre 40. Tukaandika.

Mkutano wa sanduku

Kesho yake tulifanya mkutano. Vijana wetu wengine walikuwa bado wanaitaka telefoni. Walisema maneno ya maana, na tunayaandika kwa haki. Walisema: kampuni inaheshimu mashini, tukifika na metre ya fundi watatucheka. Walisema: leo inakosea, kesho Google watairekebisha. Walisema tena: siku zote sisi watu wa machimbo tunafika wa mwisho, tunatoa kobalti inayoingia ndani ya betri za dunia, na telefoni zenyewe tunazipata zikiwa zimechoka. Kwa nini kwa mara moja tusiwe wa kwanza?

Hili la mwisho liliwagusa wengi. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka ndani ya Kongo yetu. Kobalti inafanya betri ya namna ile ishike moto kwa muda mrefu bila kuwa kubwa kama tofali. Ndani ya kila telefoni ya kisasa iko jasho la mtu wa Kolwezi, wa Likasi, wa Fungurume.

Mama anayeshika sanduku aliacha wote wamalize. Halafu akafungua daftari, akasoma majina ya watu tuliowasaidia mwaka ule: vilio vinne, mgonjwa mmoja aliyepelekwa Lubumbashi, mtoto wa marehemu aliyelipiwa shule. Akafunga daftari. "Mutu wetu akikufa kesho, tutamuzika na telefone?"

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Telefoni ilikataliwa. Tulinunua metre mbili: moja ya chuma ya metre 5, moja ya kitambaa ya metre 30. Tulinunua pia madaftari ya karatasi ya kabone, yale unayoandika mara moja na kupata kopi mbili. Vyote pamoja havikufika hata sehemu moja ya kumi ya bei ya telefoni.

Yaliyofuata

Kisha mkutano, tulipima nyumba moja baada ya nyingine. Kila nyumba: mwenye nyumba anashika ncha moja, delege anashika ya pili, jirani anasoma namba kwa sauti, mwingine anaandika. Wote wanne wanatia saini. Kopi moja inabaki kwa mwenye nyumba, moja kwa sendika. Tulipomaliza, tuliomba kampuni irudi tupime pamoja pale ambapo namba hazipatani. Kwanza walikataa. Tuliandika barua mara ya pili, na kopi kwa shefu wa mtaa na kwa komini. Wakarudi, kijana yuleyule na chombo chake. Mbele ya nyumba ya jiko ya mama mjane alisimama, akaangalia ndani, akaangalia karatasi yetu yenye saini nne. Akaandika. Karatasi mpya ya mama ina nyumba ya jiko. Feza bado hazijatoka, na kuhama bado hajahama, hatutasema tumeshinda. Lakini namba iliyoandikwa sasa ni namba yake.

Na telefoni? Ndugu aliiuzia mwalimu mmoja, ambaye anaisomea vitabu na anaipenda kwa ajili ya kioo. Na amefanya vema kuipenda kwa kioo. Kwa sababu kabla hata mwaka 2017 haujaisha, Google walitangaza kwamba Tango itafungwa, na mwaka 2018, tarehe 1 mwezi wa tatu, wakaacha kuitunza. Telefoni iliyoanza kuuzwa mwezi wa kumi na moja 2016 kwa ajili ya Tango iliona Tango yake inaachwa baada ya miezi kumi na sita. Hakuna tena marekebisho yale ambayo vijana wetu waliyangoja. Google wamehamia kwenye njia nyingine, wanaiita ARCore, inayofanya kazi kama ile kwa kamera ya kawaida, bila lile jicho la tatu. Ile njia inaingia hata ndani ya telefoni zingine ambazo hazikufanywa kwa ajili yake. Ni kusema: aliyenunua wa kwanza alilipa ghali, na aliyengoja ataipata karibu bure.

Ingekuwa tumenunua, leo tungekuwa tunaeleza kwa wajane kwa nini sanduku lao ni kibao kizuri cha kuangalia mechi.

Tunachowaachia

Kwa familia inayofikiria telefoni kubwa, wazo letu ni hili. Ukiitaka kwa kioo, kwa betri, kwa masomo ya watoto, na feza ni zako na zinatosha, nunua. Kubwa ina faida zake. Lakini usilipe dolari moja zaidi kwa ajili ya kitu kipya ambacho maisha yake yako mkononi mwa kampuni ya mbali. Jembe ukilinunua ni lako mpaka livunjike. Telefoni za siku hizi, nusu yake unainunua, nusu unaazimwa, na mwenyewe anaweza kurudisha chake siku anayotaka. Kabla ya kulipa, uliza fundi wa sokoni kama vyuma vyake vipo. Angalia kama inaingia mfukoni mwako. Na uijaribu pahali utakapoitumia kweli, si ndani ya duka lenye taa.

Kwa nyumba zilizowekwa namba nyekundu, sikilizeni vizuri. Mwezi uleule wa tatu ambao Tango ilifungwa, tarehe 9, sheria ya machimbo ya nchi yetu ilirekebishwa na kutiwa saini. Kanuni zake zilifuata tarehe 8 mwezi wa sita, na ndani yake mna sehemu nzima juu ya watu wanaohamishwa: namna ya kuwahesabu, kuwalipa na kuwapa makao mapya. Ile sheria haichemki mkononi na haitaki mega. Muulize delege wenu awasomee kwa Kiswahili. Ni kazi yake. Msitie saini karatasi ambayo hamkuona vipimo vyake vikichukuliwa. Pimeni wenyewe, mchana, na mashahidi. Andikeni kila kitu: nyumba ya jiko, choo, kisima, ukuta wa lupango, mwembe. Picha ya telefoni, hata ndogo, isaidie karatasi. Isichukue nafasi yake.

Na siku mtu akija na chombo chake na kuwaambia mashini haidanganyi, mumujibu kwa heshima: vizuri, baba, lakini na sisi tuko na metre, tushike kila mtu ncha yake.

Ile metre ya metre 30 iko kwenye ofisi, kwenye msumari nyuma ya mlango. Anayeihitaji apite siku ya posho asubuhi. Haikodishwi, inaazimwa. Tunaomba tu irudi kavu, juu mvua ikiishika inavimba.